Timu Ikihama, Jina Hubaki kwa Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wahitimu wa shule)



Kamati iliponiandikia kunitaka nizungumze juu ya michezo, nadhani ilitazamia habari za kandanda. Mimi nimechagua mchezo ambao wengi wenu hamjapata kuuona kwa macho, yaani mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu huko Kanada na Marekani. Nitaeleza kwa nini baadaye kidogo. Vijana wasinune, kandanda itaingia kabla sijakaa chini.

Wale wahitimu wa zamani walioshika gongo wanaujua mchezo wa kwenye nyasi. Ule wa barafuni ni ndugu yake mwenye hasira. Wachezaji sita kila upande, miguuni wamevaa viatu vyenye visu, wanapigania kisahani cha mpira mgumu kinachokwenda kasi hata jicho lisikione. Kwa watu wa Kanada ndio mchezo wa taifa wa majira ya baridi, na baridi ya huko ni ya miezi mitano. Nilikuwa masomoni katika mji wa Winnipeg, mkoa wa Manitoba, kuanzia mwaka 2010 hadi 2012, na huko ndiko nilikoikuta habari hii ikiwa moto. Kila mahali, kwa kinyozi, katika basi, hata maktabani, watu wazima walikuwa wakibishana juu ya jambo moja: timu yao iliyokufa miaka kumi na minne nyuma, je, itafufuka?

Hapana budi kwanza nieleze utaratibu wa huko, maana bila hivyo ubishi wenyewe hauna maana. Sisi tumezoea timu ambayo ni chama. Ina wanachama, kadi, mkutano mkuu na ugomvi wa mkutano mkuu. Ikifanya vizuri inapanda daraja, ikivurunda inashuka. Huko sivyo. Ligi Kuu ya mpira wa magongo, iitwayo kwa kifupi NHL, ina timu 32, na hakuna kupanda wala kushuka. Kila timu ni mali ya tajiri au kampuni, na kilicho cha thamani hasa si wachezaji bali ni kibali cha ligi cha kucheza katika mji fulani. Mji usio na kibali hata ukiwa na vijana hodari kuliko wote hauwezi kuingia. Njia ni mbili tu: kununua kibali kipya, ambacho mji wa Las Vegas ulikipata mwaka 2016 kwa dola milioni 500 za Kimarekani, na Seattle baada yake kwa milioni 650, au kuchukua timu ya mji mwingine. Kwa hiyo kila mji mdogo wenye timu hulala jicho moja wazi.

Timu ya Winnipeg iliitwa Jets. Ilianzishwa mwaka 1972 katika ligi nyingine iliyokuwa ikishindana na NHL, ikatwaa kombe la ligi hiyo mara tatu, na mwaka 1979 ikaingizwa NHL pamoja na timu za Edmonton, Quebec na Hartford. Kumbukeni hayo majina, maana katika timu hizo nne zilizoingia pamoja ni Edmonton peke yake ambayo haikuhama.

Kisa cha kuhama hakikuwa ukosefu wa mapenzi. Kilikuwa hesabu, na hesabu yenyewe mtumishi wa serikali yeyote anaielewa. Mashabiki walilipa kwa dola ya Kanada, wachezaji wakalipwa kwa dola ya Marekani. Katika miaka ya 1990 dola ya Kanada ilishuka hadi karibu senti 70 za Kimarekani, na wakati huo huo mishahara ya wachezaji ikipanda bila kikomo, kwani kikomo cha mishahara kiliwekwa mwaka 2005 tu. Isitoshe, ukumbi wao uliojengwa mwaka 1955 ulikuwa umechakaa. Ulisifika zaidi kwa picha kubwa mno ya Malkia Elizabeth wa Pili iliyoning'inia ukutani. Mwaka 1995 wananchi walichanga fedha kuiokoa timu. Watoto walileta vibubu vyao vya akiba. Timu ilipata msimu mmoja zaidi, na tarehe 28 Aprili 1996 ikacheza mchezo wake wa mwisho pale, dhidi ya Detroit. Kisha ikapelekwa Phoenix, Arizona, jangwani, ikaitwa Coyotes.

Sasa vijana sikilizeni sehemu hii, ndiyo tamu. Timu ilipoondoka haikuondoka na wachezaji tu. Iliondoka na kumbukumbu. Kwa sheria ya ligi, mabao 76 aliyofunga Teemu Selanne katika msimu wake wa kwanza, 1992-93, rekodi ambayo hakuna mchezaji mgeni aliyeifikia hadi leo, yakawa mabao ya kule Arizona. Dale Hawerchuk, aliyeibeba Jets katika miaka ya 1980, hakupata kuichezea Arizona hata siku moja, lakini jezi yake namba 10 ilitundikwa huko kwa heshima. Namba 9 ya Bobby Hull nayo ilihamia huko, na mwaka 2005 mwanawe Brett akaivaa kwa michezo michache. Watu wa Winnipeg walisema wamenyang'anywa hata marehemu wao.

Nilipofika 2010, tumaini lilikuwa kwamba timu ile ile ingerudi nyumbani. Coyotes ilikuwa imefilisika mwaka 2009, ligi yenyewe ikalazimika kuinunua. Winnipeg nayo ilikwisha kujenga ukumbi mpya katikati ya mji, uliofunguliwa mwaka 2004, sehemu kubwa ya gharama ikibebwa na watu binafsi na serikali zikichangia sehemu ndogo. Lakini manispaa ya Glendale, kimji kilicho kando ya Phoenix, ilikubali kuilipa ligi dola milioni 25 kwa msimu wa 2010-11, ikarudia tena milioni 25 kwa msimu uliofuata, ili timu isiondoke. Mimi kazi yangu ni ya makaratasi ya serikali, na naomba niseme wazi: niliposoma habari hiyo nilishikwa na butwaa. Halmashauri inayopaswa kuzoa taka na kuwalipa polisi wake inafidia hasara ya kampuni ya mchezo, mwaka hata mwaka, bila kumiliki hisa hata moja. Na ilifaa nini? Mwaka 2024 timu hiyo iliondoka Arizona vile vile, ikahamia Salt Lake City, Utah, baada ya misimu miwili ya mwisho kuchezea katika ukumbi wa chuo kikuu wenye nafasi zisizofika 5,000.

Basi, mlango wa Phoenix ulipofungwa, matajiri wa Winnipeg wakageukia Atlanta. Tarehe 31 Mei 2011 ikatangazwa kwamba timu ya Atlanta Thrashers imenunuliwa na inahamia Winnipeg. Niliiona siku hiyo. Watu walijazana katika makutano makubwa ya barabara ya Portage na Main, watu wazima wamevaa jezi zilizokaa kabatini miaka kumi na mitano, wengine zimewabana tumbo. Tiketi 13,000 za msimu mzima zilitafutiwa wanunuzi. Sehemu iliyobaki kwa umma ilipofunguliwa iliisha katika dakika 17. Tarehe 24 Juni jina likatangazwa: Jets. Mchezo wa kwanza, tarehe 9 Oktoba, walifungwa na Montreal 5-1, na hakuna aliyenuna.

Mwenye nyumba wangu, mzee wa makamo, alilia. Lakini siku chache baadaye alianza kunung'unika, na manung'uniko yake ndiyo yaliyonifikirisha. Alisema hii si Jets. Kwa daftari la ligi, timu hii mpya ni Atlanta: rekodi zake ni za Atlanta, zilizoanza mwaka 1999. Rekodi za Jets ya kweli bado zilikuwa Arizona. Jina limerudi, watu wamerudi, ila historia iko kwa mtu mwingine. Vijana wake wakamjibu kwamba timu ni sisi tunaoketi humu, daftari ni la makarani. (Na mimi karani nikanyamaza.) Ubishi ule haukwisha hadi naondoka. Baadaye timu mpya ilianzisha heshima maalumu kwa wachezaji wa zamani, Bobby Hull akiwa miongoni mwa wa kwanza mwaka 2016, na mwaka 2022 ikasimamisha sanamu ya Hawerchuk, ambaye alikuwa amefariki dunia mwaka 2020. Nadhani hapo vijana walishinda hoja, ingawa sina hakika kama mzee alikubali.

Na Atlanta je? Hili nililiuliza katika ule umati na nikatazamwa vibaya. Atlanta ilikuwa imepoteza timu ya kwanza mwaka 1980, ilipohamia Calgary, na sasa ikapoteza ya pili. Huko nako kulikuwa na watoto wenye jezi. Huwezi kufufua timu katika utaratibu ule bila kuchimba kaburi mahali pengine, na waliozikwa wenyewe zamani ndio wanaoshika sepetu. Sikumlaumu mtu, kama ningezaliwa Winnipeg ningepiga ngoma kama wao. Lakini nilipenda angalau itajwe.

Quebec ni habari ya aina nyingine. Timu yao, Nordiques, iliuzwa Denver mwaka 1995, na msimu wake wa kwanza tu huko ikatwaa Kombe la Stanley. Mtu aliyeachwa na mkewe akamwona akifunga ndoa ya fahari mwezi ujao atawaelewa. Quebec wakaamua kutangulia: wakajenga ukumbi wa watu zaidi ya 18,000, kwa fedha za manispaa na za mkoa, ukafunguliwa Septemba 2015. Wakapeleka maombi. Ligi ikachagua Las Vegas. Ukumbi upo hadi leo, mzuri, na timu ya NHL haipo. Mwaka 2023 serikali ya mkoa ilitangaza kutoa dola kati ya milioni tano na saba ili timu ya Los Angeles ije icheze michezo ya kirafiki tu, na wananchi wakapiga kelele.

Hartford wao walibaki na nembo. Timu ilihamia Carolina mwaka 1997. Hata hivyo kofia na fulana za Whalers zinaendelea kuuzwa, na tangu Desemba 2018 Carolina imeivaa jezi ile ya kijani kwa michezo michache ili iuze zaidi. Baadhi ya watu wa Hartford walifurahi kuiona. Wengine walisema ni sawa na mwizi kuja msibani amevaa koti la marehemu. Mimi niko na hao wa pili.

Mji mmoja tu ndio ninaoujua uliosimama kidete mapema, nao ni wa mchezo mwingine, ule wa kandanda ya Kimarekani. Mwaka 1995 mwenye timu ya Cleveland Browns alitangaza kuihamishia Baltimore. Manispaa ikaenda mahakamani, ikiwa na mkataba wa uwanja mkononi. Mwaka 1996 wakapatana: mwenye timu aende na wachezaji, lakini jina, rangi na rekodi zibaki Cleveland. Mwaka 1999 Browns ikarudi uwanjani, na historia yake haikukatika. Wachezaji walikwenda, wakawa timu nyingine kwa jina jingine. Tofauti ya Cleveland na Winnipeg haikuwa mapenzi. Ilikuwa kipande cha karatasi kilichosainiwa kabla ya ugomvi.

Ndugu Mwenyekiti, niliahidi kandanda. Mwaka 2024 timu ya Ihefu, iliyojulikana kuwa ya Mbarali mkoani Mbeya, iliondoka huko ikawa ya Singida, ikabadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Sina ugomvi na Singida, na mwenye fedha ana haki ya kutumia fedha zake. Ila nawauliza wahitimu waliomo humu wanaokaa katika halmashauri, na wale mawakili wetu wanaopenda kukaa viti vya nyuma: ni wilaya gani nchini ambayo katika mkataba wake wa uwanja imeandika kwamba timu ikiuzwa, jina na rangi na daftari la mabao vitabaki? Mimi sijauona mkataba kama huo mezani kwangu.

Nako Winnipeg mambo hayakutulia. Tiketi za msimu, zile 13,000 zilizogombaniwa, zilishuka chini ya 10,000 mwaka 2023, na wenye timu wakatamka hadharani kwamba hali hiyo haiwezi kudumu. Safari hii dola haikuwa ndiyo sababu iliyotajwa kwanza, bali viti vitupu. Msimu wa 2024-25 timu iliongoza ligi nzima kwa pointi. Mwenye nyumba wangu wa zamani aliniandikia barua ndefu juu ya hilo, kurasa nne, na katika zote nne timu aliiita Jets.

Naona Mwenyekiti anatazama saa. Nipo tayari kwa maswali, na yule kijana wa kidato cha tatu aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Singida aanze yeye.