Gesi iko chini ya ziwa, mama bado anapuliza makala



Leo hatukuja kuimba. Tunaongea juu ya moto wa jikoni.

Kwingine wanasayansi wanatafuta gesi katika majani ya bahari: wanayafungia ndani ya tanki bila hewa, yanaoza, vijidudu vinatoa metani. Sisi hatuna bahari. Lakini ziwa Kivu linafanya ile kazi lenyewe. Mimea midogo ya majini inakufa, inashuka, inaoza kule chini pasipo oksijeni. Ingine gesi inatokana na hewa ya kaboni ya volkano, vijidudu vinaigeuza. Uzito wa maji unaifungia yote. Wataalamu wanahesabu karibu kilomita za ujazo 60 za metani.

Kuitoa si uchawi. Bomba linashushwa zaidi ya mita 300, maji yanapanda, gesi inatoka mapovu kama fanta ukifungua chupa. Kwa jirani, Karongi, KivuWatt ina megawati 26 tangu 2016. Ziwa ni moja! Tena mwaka 1975 Zaire na Rwanda walipatana kwamba hii gesi ni ya wote wawili.

Na kwetu? Mama anaamka kuuliza bei ya makala, na makala mingi ni miti ya Virunga. Sisi tuliosoma kemia tuko tunauza unite za simu.

Julai 2022 serikali ilitangaza kuuza bloku tatu za gesi upande wetu: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Hatupingi gesi, tusikilizane vizuri. Tunapinga kufichwa. Dekere ya 2011 inataka mikataba ya mali ya asili itangazwe ndani ya siku 60. Basi tuisome, ukurasa kwa ukurasa. Tunataka kuona maji yatarudishwa kina gani, sababu ukivuruga matabaka ya ziwa, gesi inaweza kulipuka juu. Kule Nyos, Kameruni, mwaka 1986 hewa ya kaboni ilitoka ziwani usiku na kuua watu karibu 1,700. Na pembeni ya Kivu tuko batu mamilioni.

Tena tunauliza: umeme utaingia katika kartie zetu, ao utapita juu ya vichwa kwenda migodini?

Barua iko tayari, maswali saba. Jumamosi saa tatu asubuhi tunaipeleka kwa gavana, kwa mguu, bila jiwe mkononi. Ulete kalamu yako, kila mtu asaini mwenyewe.