Injini Ndogo ya Petroli na Daftari la Mwenye Gari

(Maneno aliyoyasema mwanachama wetu mmoja, karani, mbele ya mkutano wa wanachama wa Kilosa na Mikumi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale wasioweza kuhudhuria.)



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya injini ndogo ya petroli. Mimi si fundi. Mimi ni karani kama ninyi, na mikono yangu imezoea mafaili kuliko spana. Walakini Kamati imeona kwamba wengi wetu twanunua magari kwa mkopo unaokatwa katika mshahara, na kwamba magari kadhaa ya wanachama yamelala chini ya miembe hali deni lake halijakwisha. Hapo ndipo neno hili linapotuhusu. Injini ikifa, mkopo haufi pamoja nayo.

Sitasema juu ya magari yote. Nitachukua injini moja iliyo mikononi mwa watu wengi nchini mwetu, nayo ni ile ya Toyota iitwayo 1NZ-FE. Imo katika Toyota IST ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 2002, na katika Probox na magari mengine madogo ya kampuni hiyo. Ndugu yake mdogo ni 2NZ-FE. Mengi nitakayoyasema yatawafaa hata wenye injini nyingine.

Kwanza, yatupasa kuijua. Ina silinda nne zilizopangwa mstari mmoja. Upana wa kila silinda ni milimita 75, na pistoni husafiri milimita 84.7 toka chini hata juu. Fanyeni hesabu yake, mtaona kwamba silinda zote nne pamoja zina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 1,500. Ile ndogo ina upana uo huo, lakini safari ya pistoni yake ni milimita 73.5, basi ujazo wake ni karibu 1,300. Kubwa hutoa nguvu za farasi 109, na ndogo 87, zote zikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Valvu ni 16, nne kwa kila silinda, nazo huendeshwa na cheni, si mkanda. Upo na mtambo uitwao VVT-i, ambao kazi yake ni kuwahisha au kuchelewesha kufunguka kwa valvu za kuingizia hewa, kadiri ya mwendo wa gari.

Sasa shikeni mambo mawili. La kwanza, ule mtambo wa VVT-i, na kile kikaza cheni, vyote viwili husukumwa na oili. Kwa hiyo katika injini hii oili si ya kulainisha tu; ni mtumishi mwenye kazi tatu au nne. La pili, mwili wa injini na kichwa chake ni wa aluminiamu, na ndani ya silinda mna bomba jembamba la chuma. Aluminiamu ni nyepesi, lakini haisamehi joto. Ikichemshwa kupita kiasi hupinda, na kichwa kilichopinda hakikai tena sawasawa juu ya gasketi yake.

Nawaomba sasa tufanye hesabu ya kikarani. Injini hii huchukua oili lita 3.7, pamoja na ile ya filta. Wengi wetu twabadilisha oili kila kilomita 5,000. Kitabu cha mwenye gari kinasema kwamba injini yaweza kutumia hata lita 1 katika kilomita 1,000 na isihesabiwe kuwa mbovu. Basi, ikiwa yako imefika mpaka huo, lita 3.7 zitakwisha katika kilomita 3,700. Zitakwisha kabla ya siku ya kubadilisha! Na mwenye gari atasema kwa haki kabisa kwamba hajakosea tarehe. Hesabu yake ya kilomita ilikuwa sahihi. Hesabu ya oili hakuifanya.

Nasema hayo kwa kuwa yalinipata mwenyewe. Mwaka 2019 nilimchukua mama yangu kutoka Kilosa kumpeleka hospitali Mikumi. Njia ile ni zaidi ya kilomita 70, na wakati huo tulipita katika udongo na mawe. Gari langu lilikuwa na miezi kumi na minne tu mikononi mwangu, na mkopo wake ulikuwa wa miaka mitatu. Tulipokaribia kijiji cha Ulaya, taa nyekundu ya oili iliwaka, ikazimika, ikawaka tena. Nikasema moyoni, nitaangalia tukifika. Haukupita muda nikasikia mgongano kama wa nyundo ndani ya injini, kisha kimya. Hatukufika Mikumi, walakini tulifika Ulaya, na wenzangu ofisini hawajaacha kunicheka kwa safari hiyo ya ng'ambo.

Mama alikaa juu ya kanga yake kando ya njia kwa saa nne, mpaka lori la mahindi likatuchukua. Hakusema neno la lawama, na hilo lilinichoma kuliko lawama. Nilipovuta fimbo ya kupimia oili ilitoka kavu. Niliulizwa na fundi, “Bwana, mara ya mwisho ulipima lini?” Sikuwa na jibu. Nililipia injini ya mtumba kutoka Dar es Salaam, na huku nikiendelea kulipia mkopo wa gari lililokuwa na injini iliyokufa.

Jambo nililojifunza ni hili, nanyi mlichukue hata mkisahau mengine yote: ile taa haipimi wingi wa oili, hupima msukumo wake. Inapowaka, oili imekwisha kupungua mno, au pampu imeshindwa. Si taa ya kukuambia utakapofika uangalie. Ni taa ya kuzima injini pale pale ulipo.

Nitayataja sasa maradhi yaliyo ya kawaida.

Kula oili. Ringi za pistoni huganda kwa masizi, na vitundu vya kurudishia oili huziba. Dalili yake ni moshi wa buluu. Lakini moshi huo huweza kuwa kidogo hata usionekane, ndiyo maana fimbo ni shahidi bora kuliko sailensa. Ugonjwa huu huletwa aghalabu na oili iliyokaa muda mrefu mno.

Kelele ya cheni. Husikika asubuhi injini inapowashwa. Cheni imelegea, au kikaza chake hakipati oili ya kutosha. Wengine humimina oili nzito sana ili kelele inyamaze. Oili nzito huchelewa kufika katika njia nyembamba na katika kichujio kidogo cha valvu ya VVT-i. Watengenezaji wameshauri 5W-30, na mahali penye joto 10W-30 nayo yafaa.

Kuchemsha. Maji ya mtoni au ya bomba huacha kutu na chumvi katika rejeta na katika pampu. Inafaa kutia maji yake maalumu ya dukani. Tena kuna mafundi wanaoing'oa themostati, wakisema kwamba nchi yetu ni ya joto, haina kazi. Si kweli. Themostati hufunguka maji yanapofika kama digrii 80. Ikiondolewa, injini hukawia kupata moto, na kompyuta yake huzidi kutia petroli kwa kudhani kwamba bado ni baridi. Petroli hiyo huosha oili katika kuta za silinda. Nanyi mnaotoka Mikumi kwenda Morogoro mwajua kwamba barabara yapita katikati ya hifadhi, kiasi cha kilomita 50. Gari likichemka pale, si mahali pa kushuka na kukaa chini ya mti.

Kumisi. Kila plagi ina koili yake. Koili moja ikifa, gari hutetemeka na kukosa nguvu. Usinunue zote nne kabla hujazibadilishana mahali ili ujue iliyo mbovu. Kutetemeka gari likiwa limesimama huweza pia kuwa ni uchafu katika mlango wa hewa, na kuusafisha ni kazi ya nusu saa. Vumbi letu la kiangazi lina sehemu yake. Kichujio cha hewa kikaguliwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema.

Maji ya mafuriko. Watu wa Kilosa hawahitaji kukumbushwa mto Mkondoa ulivyofanya Desemba 2009 na Januari 2010. Maji hayashindiliki kama hewa. Injini ikiyavuta kupitia njia ya hewa, mkono wa pistoni hupinda mara moja. Gari likizimika majini, usijaribu kuliwasha. Livuteni nje kwanza, fundi afungue plagi.

Kwa yule ambaye hajanunua bado: nenda ukalitazame gari asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukikuta muuzaji amekwisha kuliwasha kabla hujafika, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona tope jeusi limeganda, jua kwamba namba za kilomita hazikuambii habari zote.

Bwana Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Sisi makarani twaandika kila barua iingiayo na kila senti itokayo, na mkaguzi akija hatutetemeki. Naomba mkutano ukubali kwamba kila mwanachama mwenye gari awe na daftari dogo ndani yake, lenye safu nne: tarehe, kilomita, oili, maji. Kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa baridi, apime na kuandika. Ni kazi ya dakika tano. Akiongeza oili, aandike kiasi gani. Baada ya miezi miwili daftari lenyewe litamwambia gari lake linakula kiasi gani, na hatahitaji kubahatisha wala kumsadiki muuzaji wala mimi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimejenga ukuta huo, nami najua bei yake. Daftari langu hili hapa, lina kurasa za miaka kadhaa sasa. Nalipitisha mkononi mwenu mlitazame, na mama yangu amesema yu tayari kupanda tena.

 Mwenye swali na aulize.