Kabla ya Kuuza Ng'ombe: Kupanga Matibabu ya Uzazi

Leo tunazungumza na wale wa Bisil, Kajiado na Kitengela walioambiwa kwamba nafasi yao ya kupata mtoto ni finyu.

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Akipita miaka 35 hupungua kwa kasi, na baada ya 40 hata maabara haiwezi kuyarudishia ujana. Kwa hiyo mwenye miaka 35 au zaidi asingoje mwaka mzima. Akijaribu miezi 6 bila mafanikio, amwone daktari. Na baba apimwe pia. Lawama humwangukia mama, pengine hata aletewe mke mwenza, ilhali kupima mbegu za mwanamume ni kazi nyepesi.

Mirija ya uzazi iliyozibwa na maambukizi kama klamidia haizibuliwi na mitishamba. Hapo yai huweza kurutubishwa maabarani, kisha kiinitete hurudishwa tumboni. Nairobi, watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa 2006. Kliniki nyingi bado ziko huko, basi nauli na malazi viingie kwenye hesabu.

Kabla hujapeleka mifugo sokoni ili kulipia matibabu haya, muulize daktari: kati ya wanawake 100 wa umri wangu, wenye vipimo kama vyangu, wangapi hurudi nyumbani na mtoto? Si mimba, mtoto. Tukikosa mara ya kwanza, tunajaribu tena mara ngapi? Yai lililochangiwa na mwanamke mwingine lingetufaa? Kubalianeni mapema, mume na mke, mtakomea wapi.

Ukiahidiwa mtoto kwa hakika, ondoka na pesa zako.