Mama Akaguliwe Kabla ya Kushuka Kitandani

Ndugu msikilizaji, mazungumzo ya leo ni ya jambo linalosemwa kwa kunong'ona. Akina baba nanyi msizime redio.

Dada yangu, wa huku huku Kasulu, alijifungua salama mtoto wake wa kwanza. Alichanika msamba, akashonwa, kesho yake akarudi nyumbani. Siku chache baadaye akagundua hawezi kuzuia hewa, wala choo kikiwa laini. Majirani wakasema ni fistula. Dada akaacha kwenda kanisani, akaacha kupanda gari la Kigoma. Alinyamaza miaka miwili, mpaka alipompeleka mtoto kliniki na nesi akamuuliza: "Mama, choo unakizuia?" Akalia.

Daktari alipompima, aliona si fistula. Fistula ni tundu, na mara nyingi huletwa na uchungu pingamizi wa muda mrefu. Dada alikuwa amekatika msuli unaofunga njia ya haja kubwa. Ulikatika saa ile ile ya kuzaa. Ngozi ikashonwa juu, msuli ukabaki umeachana chini yake.

Wataalamu hugawa mchaniko katika madaraja 4. La kwanza ni ngozi tu. La pili hufika misuli ya msamba. La tatu hukata msuli wa haja kubwa. La nne hupasua mpaka utando wa ndani wa njia hiyo. Kwa kutazama tu, la tatu huweza kudhaniwa ni la pili. Ndiyo maana mkunga yampasa kuomba ruhusa, kuweka mwanga wa kutosha, kuvaa glovu na kupima kwa kidole njia ya nyuma, kabla ya kushona na baada ya kushona. Ni kazi ya dakika chache. Daraja la tatu na la nne hushonwa hospitali, kwa ganzi, na mtu aliyefunzwa.

Nazijua zahanati za vijijini: mkunga mmoja, usiku, tochi mdomoni. Simlaumu aliyechoka. Taa nzuri ni deni la halmashauri na kamati zetu za afya.

Nawe mama, kabla hujashuka kitandani, uliza: "Nesi, umenikagua hadi nyuma?" Ukiona dalili baadaye, rudi upesi.

Dada alishonwa upya hospitali ya rufaa. Hewa bado humponyoka mara moja moja, lakini kanisani amerudi.

Kwaheri hadi juma lijalo.