Tuyalinde Maji Yaliyo Chini ya Ardhi

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa nieleze kazi niliyoifanya baada ya kuondoka hapa, yaani kazi ya maji. Wenzangu waliotangulia wameeleza walivyofaulu. Mimi nitaeleza mahali niliposhindwa, maana naona hapo ndipo vijana watakapofaidika zaidi.

Nilipoingia kazini, nchi yetu ilikuwa katika mpango wa miaka 20 ulioanza mwaka 1971. Shabaha yake ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu, yasiyozidi meta 400 kutoka kwake. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na redio ikahimiza vyoo na usafi nchi nzima. Sisi watu wa maji tuliwaambia wananchi: chemsheni maji ya kunywa. Lilikuwa somo zuri, na hata leo ni zuri. Lakini ni somo la vijidudu. Juu ya mafuta na kemikali za viwandani tulikuwa na machache ya kusema.

Basi siku moja nilitumwa katika mji mmoja, ambao sitautaja, kukagua kisima kifupi. Meta chache juu yake, upande wa mlimani, palikuwa na kituo cha kuuzia mafuta. Mama mwenye kisima alinipa kikombe akaniambia, "Mwanangu, usinywe kwanza. Nusa." Nikanusa. Maji yalikuwa meupe kabisa, lakini yalinuka petroli. Nilikwenda kwa mwenye kituo. Akanijibu kwamba matangi yake hayana kasoro, akanionyesha sakafu iliyofagiliwa vizuri. Mimi nikaandika katika taarifa yangu: "Maji yana harufu kidogo. Yachemshwe." Nikapanda gari nikaondoka.

Niliporudi baada ya miaka kadhaa, kisima kile kilikuwa kimefukiwa, na yule mama alikuwa amehama. Visima viwili vya jirani, vilivyo chini zaidi, navyo vilikuwa vimeanza kunuka. Neno langu lile, "yachemshwe", halikumsaidia mtu. Nimelibeba mpaka leo.

Vijana, sikilizeni jinsi jambo hili linavyotokea. Tangi la chuma likizikwa ardhini hushika kutu. Likitoboka, hakuna anayeona. Mafuta hushuka polepole katika mchanga mpaka yafike usawa wa maji, na kwa kuwa ni mepesi huelea juu yake. Sehemu yake huyeyuka na kusafiri pamoja na maji kuelekea bondeni. Katika petroli mna kitu kiitwacho benzeni, kinacholeta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kisichozidi miligramu 0.01 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Sasa fanyeni hesabu. Lita moja ya petroli yenye benzeni asilimia 1 ina gramu zipatazo 8. Zikiyeyuka zote, zatosha kuyapitisha kiwango hicho maji ya zaidi ya lita 700,000. Hiyo ni lita moja tu. Tena mto ukichafuka, mvua zaweza kuusafisha. Maji ya chini hayana mvua ya namna hiyo. Husogea taratibu, na uchafu hukaa nayo miaka na miaka.

Msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 1978 bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi. Mwezi Mei 2015 bomba hilo lilivuja huko Thange, katika Makueni. Mafuta yaliingia ardhini, mtoni na visimani. Watu waliokuwa wakilima kwa maji ya Mto Thange walijikuta hawana maji ya kunywa wala ya kunyweshea ng'ombe. Walikwenda mahakamani, na hukumu ya kuwalipa fidia ya mabilioni ya shilingi za Kenya ikatoka mwaka 2025. Hesabuni: miaka 10. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mafuta yalipomwagika alikuwa amekwisha kuwa kijana.

Tena Thange haiko mbali na vilima vya Chyulu. Mvua inayonyesha Chyulu hupenya katika miamba ya volkano, ikatokea kwenye chemchemi za Mzima, na tangu miaka ya 1950 maji ya Mzima hupelekwa Mombasa kwa bomba. Sisemi kwamba mafuta ya Thange yalifika huko. Nasema kwamba mji mkubwa waweza kunywa maji yaliyopita chini ya nchi ambayo wakazi wake hawajapata kuiona.

Na sisi je? Mimi sasa naishi Ruaha Mbuyuni, nalima vitunguu. Kila aliyekuja hapa kutoka Dar es Salaam amepita kwetu, na wengi wenu nimeona mmebeba vitunguu. Malori ya mafuta hupita usiku na mchana kuelekea Kitonga. Bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, lina urefu wa kilometa 1,710, kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, likipita Morogoro, Iringa na Mbeya. Tangu mwaka 2023 linapeleka dizeli. Mambo haya yote yana faida, wala sisemi yaondolewe. Nasema tujue yalipo, na tujue visima vyetu vilipo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, wenzangu wenye vituo vya mafuta na karakana: pimeni tangi kila asubuhi, mlinganishe na lita mlizouza. Mafuta yakipungua siku hata siku, ama kuna mwizi, ama ardhi inakunywa. Pili, oili chafu isimwagwe shimoni. Tatu, ninyi wanafunzi: choreni ramani ya visima vya vijiji vyenu, mwonyeshe kila kituo, karakana na ghala la dawa za mashamba lililo upande wa juu. Harufu ikitokea, acheni kunywa, msingoje. Pelekeni habari Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo makao yake ni Iringa, na mtake majibu kwa maandishi.

Na kama siku moja mmoja wenu atakuwa mkaguzi, mama akampa kikombe na kumwambia anuse, basi na aandike kile alichonusa.