Tairi Husomwa Kabla ya Kununuliwa

Maandishi ya mada iliyowasilishwa mbele ya wakazi wa kata katika mkutano kuhusu usalama wa magari ya familia



Gari la familia lina kazi nyingi kuliko jina lake. Asubuhi hupeleka watoto shule, siku ya gulio hubeba magunia, na usiku wa manane, mgonjwa anapozidiwa, hugeuka gari la wagonjwa kwa mwenye nyumba na kwa majirani zake. Kazi zote hizo hutegemea sehemu nne za mpira zinazogusa barabara, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Injini ikizimika, gari husimama. Tairi lisiposhika barabara, gari halisimami hata kama breki ni nzima.

Mada hii ina neno moja kuu. Ubavuni mwa tairi mmeandikwa karibu kila jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua, na asiyesoma hapo hubaki akinunua maneno ya muuzaji.

Ukubwa na uzito

Mheshimiwa Mwenyekiti, uchukuliwe mfano wa tairi lililoandikwa 195/65R15 91H, ambalo hutumiwa na magari mengi ya familia, zikiwemo baadhi ya Toyota Noah. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. Herufi R hueleza namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Vipimo vinavyofaa kwa gari husika huwa vimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika fremu ya mlango wa dereva, pamoja na kiasi cha upepo kinachotakiwa. Mwenye gari anayekwenda dukani hana budi kuvinakili kutoka hapo, kwa kuwa tairi lililokutwa kwenye gari huenda liliwekwa na mmiliki wa awali kwa kubahatisha.

Sehemu inayosahauliwa mno ni ile ya mwisho. Herufi H ni mwendo wa juu ambao tairi linaweza kuuhimili, nao ni kilomita 210 kwa saa. Hakuna familia inayouhitaji katika barabara za huku. Bali namba 91 ni ya uzito, na maana yake ni kwamba tairi moja linabeba kilo 615 likiwa na upepo sahihi. Manne yanabeba kilo 2,460. Tairi lenye namba 86 linabeba kilo 530, na manne kilo 2,120.

Tofauti hiyo si ya makaratasi. Ikadiriwe kuwa gari lina uzito wa kilo 1,500 likiwa tupu. Wakipanda watu wazima saba wa kilo 65 kila mmoja, uzito hufika kilo 1,955. Yakiongezwa magunia matatu ya mahindi ya kilo mia mia, hufika kilo 2,255. Mtu aliyeshawishika kubadili rimu na kuvisha gari hilo matairi madogo yenye namba 86 amekwisha kuzidisha kilo 135 kabla hajatoka kijijini. Tairi lililozidiwa hujikunja mno linapozunguka, likijikunja huzalisha joto, na joto ndilo huachanisha tabaka zake hadi likapasuka. Kwa sababu hiyo, namba ya uzito ya tairi jipya isipungue ile ya tairi ambalo kiwanda kililikusudia kwa gari hilo. Gari lenyewe nalo lina kikomo chake cha mzigo, na tairi imara halikiondoi.

Umri wa tairi

Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiliposimamisha uzalishaji mwaka 2009, matairi mengi yanayouzwa nchini hutoka ng'ambo. Husafiri baharini, hukaa ghalani, kisha huanikwa mbele ya duka yakipigwa jua. Mpira huzeeka hata usipotembea. Hukauka, hugumu na kuchanika. Tairi linaweza kuwa na kashata ndefu za kuvutia, nalo likawa limechoka.

Umri huo haufichiki. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, mna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2318 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, hivyo zikikosekana upande wa nje, tairi ligeuzwe. Watengenezaji kadhaa hushauri kuwa tairi likiwa limetumika miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likitimiza miaka kumi tangu kutengenezwa liondolewe, hata kama kashata bado zipo. Spea tairi nalo lina umri. Spea iliyokaa chini ya gari tangu gari linunuliwe inaweza kuwa ndiyo kongwe kuliko yote.

Jipya au la mtumba

Ndugu wakazi wa kata, hapa ndipo penye uamuzi mgumu, kwa sababu tairi la mtumba huvutia kwa bei. Hesabu ifuatayo ni ya mfano, nayo kila mmoja anaweza kuirudia kwa bei za soko lake. Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata za kina cha milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji yake mna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, kashata zikishuka hadi kulingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Mnunuzi wa tairi jipya basi anapata milimita 6.4 za kutumia. Kama amelilipia shilingi 200,000, kila milimita imemgharimu shilingi 31,250. Mwenzake aliyenunua la mtumba kwa shilingi 80,000, likiwa na kina cha milimita 4, amepata milimita 2.4 tu, na kila moja imemgharimu zaidi ya shilingi 33,000. Aliyedhani ameokoa shilingi 120,000 amenunua mpira kwa bei ya juu zaidi, tena bila kujua umebeba nini huko ulikotoka.

Pamoja na hayo, yupo atakayenunua la mtumba kwa kuwa hana namna. Huyo asiondoke dukani kabla ya kukagua mambo manne.

Kwanza, aangalie ndani ya tairi kama anavyoangalia nje, atafute viraka na nyuzi zilizojitokeza. Uvimbe ubavuni ni dalili kwamba nyuzi zimekatika, na tairi la namna hiyo halina dawa.

Pili, alipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kwa maana rangi nyeusi ya kung'arisha huficha mipasuko midogo.

Tatu, avitafute vile vinundu vya mifereji. Visipoonekana, au vikionekana vimekatwa, huenda kashata zimechongwa upya kwa kisu cha moto. Mchongo huo huongeza urembo na kupunguza unene wa mpira unaolinda nyuzi.

Nne, asome kama pameandikwa STUDLESS, au kama pamechorwa mlima wenye chembe ya theluji. Hayo ni matairi ya majira ya baridi, na mengi huletwa na magari yaliyotumika Japani. Mpira wake ni laini ili ushike barabara penye barafu. Kwenye lami yenye joto hulika upesi, na gari huyumba linapokwepa jambo ghafla. Mwenye gari lililotoka bandarini hivi karibuni alikague la kwake leo.

Fedha inapotosha matairi mawili

Mheshimiwa Mwenyekiti, ukweli wa nyumba nyingi ni kwamba matairi manne huisha kwa pamoja, ilhali fedha haziji kwa pamoja. Ushauri wa mada hii ni kununua mawili mazuri yanayofanana, kuliko manne ya mashaka. Mawili hayo yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Wengi hufanya kinyume. Tairi la mbele likiteleza, dereva huhisi kwenye usukani na hupunguza mwendo. La nyuma likiteleza kwenye kona yenye maji, mkia wa gari huzunguka, na dereva wa kawaida hawezi kuurudisha.

Katika yale ya zamani, mawili yaliyo bora yahamie mbele, kwa sharti kwamba kashata zake bado ziko juu ya vinundu. Kama yote manne ni vipara, gari na lipumzike mpaka fedha itimie, hasa wakati wa masika. Mifereji ya tairi ndiyo hupitisha maji pembeni. Isipokuwepo, gari huelea juu ya maji na usukani hubaki kama pambo. Ni neno zito kumwambia mwenye mgonjwa ndani kwamba gari lisitoke. Ndiyo maana fedha ya tairi haina budi kuwekwa kidogo kidogo kila mwezi, kama inavyowekwa ya ada ya shule, kabla usiku huo haujafika.

Baada ya kununua

Risiti idaiwe, na muuzaji aandike humo ukubwa wa tairi pamoja na tarakimu zake nne za tarehe. Malalamiko yasiyo na risiti hayana pa kushika. Wakati wa kufunga, valvu za zamani zibadilishwe, magurudumu yapimwe balansi, na gari lipelekwe alaimenti, la sivyo tairi jipya litalika upande mmoja kwa miezi michache. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Upepo upimwe kwa geji, gari likiwa halijatembea, angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu. Kulipiga tairi teke hakujawahi kumwambia mtu kiasi cha upepo.

Kuhusu matairi yaliyotolewa, wakazi wanakumbushwa kutoyaacha uani. Maji ya mvua yakituama ndani yake, huzaliana mbu aina ya Aedes, ambao ndio waenezao homa ya dengi, ugonjwa uliolipuka jijini Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kuyachoma nako hutoa moshi wenye sumu. Tairi lililochakaa lina thamani kwa mafundi wa katambuga, na linafaa kuoteshea mboga likijazwa udongo. Asiye na matumizi nayo amwone afisa afya wa kata ili aelekezwe mahali pa kuyapeleka.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Jioni ya leo, kila mwenye gari achukue tochi, ainame penye magurudumu yake yote manne, kisha kwenye spea, na aandike tarakimu nne za kila tairi. Kazi hiyo haizidi robo saa wala haina gharama. Atakayekuta tairi la miaka kumi au lililofikia vinundu atakuwa amepata habari mbaya mahali pazuri pa kuipatia, yaani nyumbani, gari likiwa limesimama.