Nusu Saa Baada ya Kidonge: Jinsi ya Kutumia Dawa ya Mifupa kwa Usalama



Mkaazi anapotoka hospitalini na dawa, maagizo aliyoyazoea huwa ni yale yale: kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, baada ya kula. Ndiyo maana dawa ya mifupa iitwayo alendroneti huwatatiza wengi. Aina inayotumika sana, ya miligramu 70, humezwa mara moja tu kwa wiki, kabla ya kula chochote, na baada ya kuimeza mgonjwa hatakiwi kulala wala kunywa chai kwa muda wa nusu saa. Kwa mtu ambaye hakuelezwa sababu, masharti haya huonekana kuwa usumbufu mtupu. Lakini masharti hayo ni sehemu ya tiba. Yakipuuzwa, kidonge kitapotea bure, au kitamdhuru mwenye kukimeza.

Dawa hii hutolewa kwa agizo la daktari kwa watu ambao mifupa yao imepungua uzito na nguvu, hali inayoitwa osteoporosisi. Mfupa wa binadamu haukai kama jiwe. Kila siku mwili huvunja sehemu kuukuu za mfupa na kujenga mpya. Kwa wanawake, baada ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni hupungua na uvunjaji ukaushinda ujenzi. Wanaume wazee nao hupatwa, na vilevile watu waliotumia dawa za steroidi kama prednisoloni kwa muda mrefu. Ugonjwa huu hauumi wala hauna homa. Mara nyingi hujulikana siku mtu anapoteleza bafuni au kujikwaa mlangoni na kuvunjika mkono, uti wa mgongo au nyonga. Mzee aliyevunjika nyonga anaweza kukaa kitandani kwa wiki nyingi, na si wote wanaorudi kutembea kama zamani.

Alendroneti hupunguza kasi ya uvunjaji huo ili mfupa upate nafasi ya kujengeka. Si dawa ya maumivu. Anayeitumia hatahisi magoti yakilegea wala mgongo ukipoa, na wengi huiacha kimyakimya kwa kudhani haifanyi kazi. Faida yake ni mfupa ambao haukuvunjika, na hiyo ni faida isiyoonekana kwa macho.

Sababu ya masharti ilijulikana mapema. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Mwaka uliofuata, madaktari walichapisha ripoti kwamba kati ya wagonjwa wapatao 475,000 walioandikiwa dawa hiyo duniani, 199 walikuwa wameripotiwa kupata matatizo ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na kwa 51 kati yao matatizo hayo yalikuwa makubwa. Wengi wa wale ambao maelezo yao yalipatikana walikuwa wamemeza kidonge kwa maji kidogo, au walilala baada ya kukimeza. Kidonge hiki kikikwama au kikirudi juu, huchoma utando wa umio na kinaweza kuacha kidonda. Maji mengi hukisukuma hadi tumboni, na mwili ulio wima hukizuia kurudi.

Kwa hivyo, asubuhi ya kidonge iwe hivi. Mgonjwa achague siku moja ya wiki ambayo hataisahau, kama vile Jumapili au siku ya soko, na aiandike kwenye kalenda. Akiamka, kabla ya chai, uji au dawa nyingine yoyote, ameze kidonge kizima kwa glasi iliyojaa maji ya kawaida. Asikitafune, asikivunje wala kukimumunya. Kisha akae kitini, asimame au atembee kwa angalau dakika 30, na asilale mpaka awe amekula. Dawa hii isimezwe usiku wakati wa kulala, wala kitandani kabla mtu hajainuka.

Maji yanayofaa ni ya bomba au ya mvua, yaliyochemshwa yakapoa. Maziwa, chai, kahawa, sharubati na maji yenye madini mengi havifai. Hata ikimezwa sawasawa, chini ya asilimia 1 ya dawa hii ndiyo huingia mwilini. Ikimezwa kwa kahawa au maji ya machungwa, kiasi hicho kidogo hupungua tena kwa takriban asilimia 60. Vidonge vya kalsiamu, vya madini ya chuma na dawa za kiungulia navyo huizuia, kwa hiyo visubiri angalau nusu saa.

Mkaazi anayeswali alfajiri amalize swala kwanza, ndipo ameze kidonge, ili asilazimike kuinama na kusujudu katika nusu saa hiyo. Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango wa mapema, kwa kuwa kidonge hakiwezi kumezwa baada ya daku huku tumbo limejaa. Anayekusudia kufunga azungumze na daktari au mfamasia kabla ya mwezi kuandama, badala ya kujipangia mwenyewe.

Aliyesahau kidonge cha wiki akimeze asubuhi inayofuata baada ya kukumbuka, kisha arudi kwenye siku yake ya kawaida. Asimeze viwili kwa siku moja ili kufidia.

Yapo mambo ambayo daktari lazima ayajue kabla ya kuandika dawa hii: ugonjwa wa figo, kalsiamu kuwa chini katika damu, shida ya kumeza chakula, vidonda vya tumbo, au kutoweza kukaa wima kwa nusu saa. Mgonjwa ataje pia dawa za maumivu anazonunua dukani, kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, kwa sababu nazo huchubua tumbo. Kwa sababu hizo hizo, haifai kumgawia jirani kidonge hata kama naye analalamika mifupa. Huenda maumivu yake yana chanzo kingine, na huenda figo zake haziiwezi dawa hii.

Dalili za hatari zijulikane na kila mtu nyumbani. Mgonjwa akianza kuhisi maumivu anapomeza, chakula kukwama, maumivu ya kifua, au kiungulia kipya au kinachozidi, asimeze kidonge kingine, aende hospitalini. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni dharura. Mtoto au mtu mzima akimeza vidonge vingi kwa bahati mbaya, apewe maziwa, asitapishwe, akae wima, na apelekwe hospitalini mara moja.

Kuna madhara mengine mawili ambayo hutokea kwa nadra, hasa baada ya kuitumia dawa kwa muda mrefu. La kwanza ni mfupa wa taya kushindwa kupona, mara nyingi baada ya kung'olewa jino. Ni vyema meno yakaguliwe kabla ya kuanza dawa, na daktari wa meno aambiwe kwamba mgonjwa anaitumia. La pili ni ufa katika mfupa wa paja. Maumivu mapya ya paja, nyonga au kinena yasichukuliwe kuwa uchovu wa shamba, yaripotiwe.

Dawa hii hukaa ndani ya mfupa kwa miaka. Kwa sababu hiyo, baada ya takriban miaka 5 daktari huangalia upya kama mgonjwa aendelee au apumzike. Uamuzi huo ni wa kliniki, na haufai kufanywa nyumbani kwa kuwa tu pakiti imeisha.

Kidonge peke yake hakitoshi. Mfupa hujengwa kwa kalsiamu na vitamini D. Maziwa, maziwa lala, omena anayeliwa na mifupa yake, sukuma wiki na uji wa wimbi vina kalsiamu, na jua huusaidia mwili kutengeneza vitamini D. Kutembea kila siku huimarisha mifupa na misuli; sigara na pombe nyingi huidhoofisha mifupa. Nyumbani, taa ya njia ya choo, sakafu isiyo na maji, viatu visivyoteleza na mkongojo wa kushikilia vinaweza kuzuia anguko ambalo dawa haiwezi kulizuia.

Vijana wana kazi yao katika jambo hili. Nyanya akiamka siku ya kidonge, wa nyumbani amletee glasi ya maji kabla ya kikombe cha chai, na amwekee kiti. Asiyeweza kusoma pakiti asomewe. Mhudumu wa afya ya jamii anapotembelea boma, aulize maswali mawili: kidonge humezwa kwa nini, na baada ya hapo mgonjwa hufanya nini. Majibu yatamwonyesha kama dawa inasaidia au inaumiza.

Madhara yoyote ya dawa yaelezwe kwa mhudumu katika kituo cha afya au kwa mfamasia, ambaye anaweza kuyaripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Aliyeiacha dawa kwa sababu ilimsumbua naye asione haya kurudi kliniki na kusema. Ziko njia nyingine za kutibu mifupa, zikiwemo sindano, kwa mtu ambaye kidonge hakimfai.